Mtu wa Tatu Katika Ndoa: Makanisa ya Kilimanjaro na Uzazi wa Maabara

Wachaga waishio Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wanapopanda nyumbani Kilimanjaro kila Desemba, Watanzania wengine husema wanakwenda kuhesabiwa. Ni utani wa miaka mingi. Lakini kwa mume na mke waliofunga ndoa miaka saba iliyopita, na gari lao bado linafika kijijini likiwa na watu wawili tu, hesabu hiyo si utani. Mwaka wa kwanza wazee huuliza kwa upole. Mwaka wa tatu huitwa mume peke yake, nyuma ya nyumba, mbege ikiwa mkononi. Mwaka wa tano mke huanza kupata sababu za kubaki mjini wakati wa Noeli.

Swali la mtoto kule juu halitenganishwi na ardhi. Kihamba, lile shamba la migomba na kahawa lenye makaburi ya mababu ndani yake, hurithiwa kwa upande wa baba. Mwanaanthropolojia Sally Falk Moore, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu sheria na mila za Kilimanjaro, alieleza jinsi kahawa na uhaba wa ardhi vilivyozidi kukaza uzito wa ukoo juu ya vihamba hivyo. Kijana wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, binti wa kwanza jina la bibi mzaa baba. Mwanamke akishajifungua, watu huanza kumwita kwa jina la mwanawe. Asiyejifungua hubaki na jina alilokuja nalo, na kila anayemwita humkumbusha bila kukusudia.

Ndani ya maisha hayo yamekaa makanisa mawili makubwa kwa zaidi ya miaka 130. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, kisha Kibosho. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walifika mwaka 1893 na kujenga Machame. Hadi leo mlima umegawanyika hivyo: Rombo, Kilema, Uru na Kibosho ni ngome za Wakatoliki, Machame, Marangu, Old Moshi na Siha ni za KKKT. Watu, hata hivyo, wanaoana kuvuka mipaka hiyo. Kijana wa Machame akimwoa binti wa Kibosho, na mtoto asipopatikana, nyumba moja inaweza kusikia majibu mawili kuhusu upandikizaji mimba. Paroko atasema hapana. Mchungaji huenda akasema ombeni Mungu, kisha mfuateni daktari mnayemwamini. Na katikati ya majibu hayo mawili kuna jibu la tatu, la ukoo, ambalo halisomwi madhabahuni ila lina nguvu kuliko yote mawili.

Hapana ya Kanisa Katoliki ni ya zamani kuliko teknolojia yenyewe. Mwaka 1956, miaka 22 kabla mtoto yeyote hajazaliwa kwa njia hiyo, Papa Pius XII aliwaambia madaktari wa uzazi kwamba majaribio ya kutungisha mimba nje ya mwili wa mwanamke hayakubaliki. Tarehe 22 Februari 1987, idara ya Vatikano ya mafundisho ya imani, iliyoongozwa na Kardinali Joseph Ratzinger, ilitoa Donum Vitae, hati ambayo bado ndiyo msingi wa msimamo huo. Mwaka 2008 ikafuata Dignitas Personae. Hoja ya hati hizo inastahili kuelezwa vizuri, maana mara nyingi hufika jumuiya ndogondogo ikiwa neno moja tu, dhambi, bila mwili wala mifupa.

Kanisa linafundisha kwamba mtoto ana haki ya kutokana na tendo la upendo la baba na mama yake. Daktari anaweza kulisaidia tendo hilo. Hawezi kuchukua nafasi yake. Dawa za kupevusha mayai zinaruhusiwa. Upasuaji wa kuzibua mirija ya uzazi unaruhusiwa, na Dignitas Personae inautaja waziwazi. Lakini mbegu na yai vikikutanishwa kwenye chombo cha maabara na fundi aliyevaa glovu, mtoto anakuwa ametengenezwa, kwa mtazamo huo, badala ya kuzaliwa kwa maana kamili. Tena kuna viinitete vinavyobaki, vinavyogandishwa au kutupwa, ambavyo Kanisa linataka viheshimiwe kama binadamu tangu dakika ya kwanza. Hata hivyo Katekisimu yenyewe inapima uzito. Njia zinazomwingiza mtu wa nje kama mtoa mbegu, mtoa yai au mbeba mimba inaziita kosa zito. Zile zinazotumia mbegu na yai la wenye ndoa wenyewe inasema huenda lawama yake ni ndogo zaidi, ingawa bado haiziruhusu. Tofauti hiyo haisikiki sana kwenye mahubiri, na ni hasara.

Mwanamke wa kwanza kujifungua kwa njia hii, Lesley Brown wa Uingereza, alikuwa na mirija iliyoziba. Binti yake Louise alizaliwa Oldham tarehe 25 Julai 1978. Mwanasayansi Robert Edwards na daktari Patrick Steptoe waliwatafutia njia wanawake wa namna hiyo hasa, na wanawake wa namna hiyo wamejaa Afrika. Utafiti mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika katika nchi nyingi kati ya mwaka 1979 na 1984 ulionyesha kuwa kusini mwa Sahara ugumba mwingi ulitokana na maambukizi: kisonono na klamidia visivyotibiwa mapema, homa ya uzazi baada ya kujifungua, mimba zilizotolewa kwa siri na uchafu. Mirija ikishaharibika sana, upasuaji unaoruhusiwa na Kanisa mara nyingi hauirudishi, na huacha hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi. Kwa hiyo njia ya Kikatoliki hufikia ukuta pale pale mwanamke wa Kiafrika anapohitaji msaada zaidi. Paroko anayewashauri wenye ndoa anapaswa kuujua ukweli huo wa kitabibu kabla hajafungua kinywa.

Historia ya Kanisa lenyewe ina mfano wa namna ya kusema. Louise Brown alipozaliwa, Kardinali Albino Luciani, Patriaki wa Venice, aliulizwa maoni. Alishikilia mafundisho, akaonyesha wasiwasi wake juu ya viwanda vya watoto, lakini akamtakia mtoto yule heri na kukataa kuwahukumu wazazi wake. Wiki chache baadaye alichaguliwa kuwa Papa Yohane Paulo I. Aliweza kutofautisha kanuni na watu, jambo ambalo mama anayetoka Dar es Salaam akiwa na mimba ya maabara hana uhakika kama atalikuta kwenye parokia yake. Wengi huamua kutosema, hata kwenye kitubio.

Kwa Walutheri mambo ni tofauti, na kwa namna fulani magumu zaidi. Hakuna Papa, wala Katekisimu ya Luther haigusi maabara. Kanisa mama la Kiprotestanti la Ujerumani, katika sinodi yake ya Berlin mwaka 1987, mwaka ule ule wa Donum Vitae, lilisema kuna sababu nzito za kutoshauri utungishaji nje ya mwili, ila halikuufanya kuwa dhambi ya kumtenga mtu. Waanglikana walipita njia ndefu zaidi. Tume iliyoundwa na Askofu Mkuu wa Canterbury ilitoa ripoti mwaka 1948 iliyokubali mbegu za mume kuingizwa kitaalamu kwa mkewe, lakini ikataka matumizi ya mbegu za mtu mwingine yafanywe kosa la jinai. Mwaka 1985, katika mjadala uliofuata ripoti ya Warnock, ile ya tume ya serikali ya Uingereza kuhusu uzazi wa maabara, Kanisa hilo la Uingereza liliupokea upandikizaji mimba kwa wenye ndoa. Wapentekoste wa Moshi mjini huliona suala hili kwa jicho la maombezi na ushuhuda, na kwao Hanna wa kitabu cha Samweli yu karibu kuliko daktari yeyote.

Walutheri, Waanglikana na Wamoravian ndio walioungana katika Shirika la Msamaria Mwema na kuijenga hospitali ya KCMC, iliyoanza kazi mwaka 1971 chini ya mlima. Leo ni hospitali ya rufaa ya kanda na chuo cha udaktari. Wataalamu wake wanajua ugumba kwa takwimu, si kwa uvumi: mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtafiti Ulla Larsen na wenzake, akiwamo Gileard Masenga wa KCMC, waliwachunguza wanawake wa Moshi mjini pamoja na wenzi waliofika kliniki. Mwaka 2008 Larsen na Marida Hollos walichapisha makala kuhusu gharama ya kijamii ya ugumba katika mji huu, na picha iliyotoka ni kwamba elimu na ajira ya mjini havijaondoa umama katikati ya heshima ya mwanamke. Maarifa haya yote yamekusanywa kwenye uwanja wa hospitali ya kanisa, yenye kanisa lake na wachungaji wake. Ukiuliza yamefika wapi katika mafundisho ya ndoa kwenye sharika za Machame au Marangu, huoni mengi.

Ukimya huo una bei. Upole wa mchungaji anayesema "fuateni dhamiri yenu" ni mzuri kama dhamiri hiyo imepewa chakula. Wenye ndoa wanaoachiwa uhuru bila maarifa hawaufuati uhuru, wanafuata sauti iliyo kubwa zaidi, na sauti kubwa juu ya mlima ni ya ukoo.

Na ukoo una njia zake za uzazi wa kusaidiwa, za zamani mno. Biblia inazijua: Sara alimtoa Hajiri mjakazi wake ili apate mtoto kupitia kwake, na nyumba ya Ibrahimu ikajaa machozi. Mkoani Mara, Wakurya wana nyumba ntobhu, ambapo mwanamke asiye na mtoto wa kiume huoa msichana kwa ajili ya nyumba yake, naye huzaa na mwanamume mwingine kwa jina la mama huyo. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, ndugu wa mume aliweza kumsaidia kimyakimya, na mtoto akawa wa nyumba. Kilimanjaro ya kabla ya misheni ilikuwa na mitara, na asiyezaa hakufukuzwa lazima, aliongezewa mwenzake. Misheni zilipiga marufuku ndoa ya wake wengi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inasema ndoa ya Kikristo iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili wanaendelea kuwa Wakristo. Kilichobaki ni nyumba ndogo: mwanamke wa mjini, mtoto wa pembeni, na siku moja ugomvi juu ya kaburi na kihamba. Mume huyo akijulikana, hutengwa na Meza ya Bwana kwa muda, hutubu, hurudi kundini, na mtoto hubaki. Mke asiyezaa hana kundi la kurudi, hakuondoka.

Hapa ndipo hoja yote inapokaa. Mpaka unaogawanya mlima huu si kati ya maabara na chumba cha kulala. Ni kati ya watu wawili na mtu wa tatu. Wakatoliki wanamkataa mtu wa tatu. Waanglikana wa mwaka 1948 walimkataa hadi kumtakia jela. Kanisa la Orthodoksi la Urusi, katika hati yake ya mwaka 2000 kuhusu mafundisho ya jamii, linakubali mbegu za mume na kukataa za mgeni. Papa Fransisko alipoomba mwaka 2024 ubebaji mimba kwa niaba upigwe marufuku duniani kote, Walutheri wengi wa Kilimanjaro wasingekuwa na neno la kumpinga. Anayemtaka mtu wa tatu, na anayemleta bila fomu wala saini, ni ukoo.

Ukilitazama hivyo, teknolojia ile inayoogopwa inaonekana kwa sura nyingine. Zamani mume mwenye mbegu chache hakuwa na la kufanya ila kutumia za mwingine, kwa sindano ya daktari au kwa siri ya ndugu. Mwaka 1992 huko Brussels mbinu ya kudunga mbegu moja tu ndani ya yai ilizaa watoto wake wa kwanza. Tangu hapo mwanamume wa namna hiyo anaweza kuwa baba wa damu ya mwanawe. Maabara hapo haikumleta mtu wa tatu, ilimwondoa. Kanisa Katoliki lina haki ya kuendelea kusema njia hiyo haifikii ukamilifu wa ndoa, lakini likiiweka kapu moja na nyumba ndogo linawapoteza watu waliokuwa wanajaribu, kwa gharama ya mamilioni ya shilingi, kuwa waaminifu.

Swali la viinitete vilivyobaki ni zito, na Waprotestanti wamelipita haraka mno. Anayeamini kwamba uhai ni zawadi ya Mungu hawezi kuridhika na sahihi kwenye fomu ya kugandisha. Ila ziko nchi zilizojaribu kulijibu kwa sheria. Ujerumani, kwa sheria yake ya mwaka 1990 ya kulinda kiinitete, haikuruhusu kuhamishia kizazini zaidi ya viinitete vitatu kwa mzunguko mmoja. Italia, kwa Sheria namba 40 ya mwaka 2004, ilikataza mbegu na mayai ya watu wa nje, ikataka visitengenezwe zaidi ya vitatu na vyote vipandikizwe. Maaskofu wa Italia waliitetea mwaka uliofuata, wakawahimiza waumini wasiende kwenye kura ya maoni ya kuilegeza, na kura ikaanguka kwa kukosa idadi. Baadaye Mahakama ya Katiba iliubomoa ukuta huo tofali kwa tofali, mwaka 2009 na 2014. Jambo la kujifunza ni kwamba maaskofu wale hawakuacha kufundisha hapana yao. Walikubali tu kwamba sheria inayomzuia mtu wa tatu na kulinda viinitete ni bora kuliko soko lisilo na sheria.

Soko la namna hiyo liko karibu. Mtoto wa kwanza wa maabara wa Uganda alizaliwa mwaka 2004, wa Kenya mwaka 2006, na kliniki binafsi za Dar es Salaam zimekuwa zikipokea wenye ndoa kutoka mikoani kwa miaka mingi. Nairobi ni safari ya siku moja kutoka Moshi. Bunge la Kenya limejadili zaidi ya mara moja muswada wa mbunge Millie Odhiambo wa kusimamia teknolojia hizi; Uganda ikapata wa mbunge Sarah Opendi mwaka 2023. Zamu ya Tanzania itakapofika, makanisa ya Kilimanjaro hayapaswi kuwa yanaanza kufikiri asubuhi hiyo.

Lakini sheria ni mbali, na kuna jambo la karibu zaidi ambalo halihitaji Bunge wala Vatikano: kumpima mwanamume. Madaktari wa uzazi hukadiria kwamba hadi nusu ya matukio ya ugumba yana mchango wa mume. Juu ya mlima bado mke ndiye anayezungushwa kliniki miaka minne kabla mume hajatoa sampuli. Kwa Mkatoliki hata sampuli ina utata wake, kwa kuwa Kanisa halikubali itolewe kwa kujichua. Wanateolojia wa maadili wametafuta njia, kama mfuko maalumu wenye tundu unaotumiwa katika tendo la ndoa lenyewe. Ni mambo ambayo padre anaweza kuyaeleza faraghani kwa sentensi mbili, na sentensi hizo zinaweza kumwokoa mwanamke mmoja kutoka miaka ya lawama. Mishipa iliyovimba kwenye korodani hutibika kwa upasuaji usiokatazwa na kanisa lolote. Kisonono hutibika kwa dawa. Haya yote ni uzazi wa kusaidiwa ambao Kibosho na Machame hawana cha kubishania.

Wakatoliki wana pia hazina wasiyoitumia. Kanuni ya 1084 ya sheria za Kanisa za mwaka 1983 inasema utasa hauizuii ndoa wala kuibatilisha, isipokuwa pale palipokuwa na udanganyifu. Sheria ya Ndoa ya nchi nayo haimtaji asiyezaa miongoni mwa sababu za kuonyesha ndoa imevunjika. Ingefaa wazee wa ukoo walisikie hilo mbele yao, siku ya harusi, kutoka kwa padre au mchungaji mwenyewe, kabla mbege haijamiminwa.

Kuhusu kuasili mtoto, makanisa yote hulisema kama dawa ya mwisho, na Katekisimu inalitaja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto aliyeasiliwa nafasi ya mtoto wa kuzaliwa. Ukoo ndio unaosita, kwa sababu ya kihamba. Askofu anayetaka kuasili kukubalike hana budi kusema juu ya ardhi. Akisema juu ya huruma peke yake, atapigiwa makofi na hakuna kitakachobadilika.

Mafundisho ya ndoa yapo pande zote mbili za mlima, na wachumba hukaa wiki kadhaa wakisikiliza juu ya maadili, fedha na wakwe. Ndani yake inatosha saa moja ya muuguzi wa KCMC, wa Kibosho au wa Machame, akieleza mirija, mbegu na maambukizi. Nusu saa ya padre au mchungaji akieleza Kanisa lake linaruhusu nini, linakataa nini na kwa nini. Na wakwe wa pande zote mbili wakiwa wamekaa humo humo chumbani.